Wawakilishi wakivutana, daftari la madeni la Chake linajuaje?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake. Nauza saruji, nondo, mabati na rangi. Mwanangu anayesoma chuo Unguja aliniambia kwamba mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifungwa siku 43 kwa sababu wabunge hawakukubaliana bajeti. Nikakumbuka miaka ya tisini, wawakilishi wetu waliposusia Baraza na maisha yakawa mazito kweli. Naomba unieleze: wakubwa wakivutana kule juu, mimi wa duka nadhurika kwa njia gani khasa? Na Baraza letu nalo likikataa bajeti, tutafungiwa kama Wamarekani?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu.

Nianze na daftari lako. Najua unalo, maana sijaona duka la vifaa Pemba lisilokuwa nalo: kubwa, jalada gumu, limekaa chini ya kaunta na kurasa zake zimeshika vumbi la saruji. Lifungue utafute majina ya wakandarasi. Mbele ya jina pameandikwa mifuko 60, nondo za milimita 12, kopo za rangi, na pembeni kwa kalamu nyengine: "atalipa malipo yakitoka." Malipo hayo yanatoka wapi? Mkandarasi anajenga madarasa ya skuli. Amefika linta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha, mhandisi amekuja kukagua, ametia saini cheti cha malipo. Cheti kimekwenda wizarani, wizara imeomba fedha Hazina, na Hazina haiwezi kutoa shilingi isipokuwa imo katika matumizi yaliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo ile "ndiyo" inayosemwa Chukwani, Baraza linakokutana, kila mwezi wa Juni, kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, ni ncha ya kamba ambayo ncha yake ya pili imefungwa kwenye daftari lako.

Sasa shika jambo moja, maana jibu langu lote linaning'inia hapo. Watu hudhani hasara ya mvutano wa kisiasa ni milango kufungwa: ofisi haifanyi kazi, mishahara haitoki. Hasara hiyo ipo, ila sehemu yake kubwa hulipika. Inayoumiza ni kusubiri. Mwenye mtaji anasubiri aone mambo yatakwendaje. Mfadhili anasubiri kutia saini. Mkandarasi anasubiri kuagiza mabati. Kila anayesubiri anamsubirisha mwenziwe, mpaka zamu inakufikia wewe, na wewe unamsubirisha yule anayekuletea saruji kutoka bandarini.

Tuanze na Wamarekani, kwa kuwa mwanao ndiye aliyekuletea habari. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Bajeti lazima ipite mabaraza mawili, na katika Seneti yenye watu 100 miswada mingi, ikiwemo hii ya matumizi ya kila mwaka, huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe. Mwaka 2025 chama tawala kilikuwa na maseneta 53, hawatoshi. Wapinzani walitaka ruzuku ya bima ya afya iendelee. Chama tawala kikasema ifunguliwe serikali kwanza, mazungumzo baadaye. Tarehe 1 Oktoba ikafika, sheria hakuna. Wana sheria ya tangu 1884 inayomkataza mtumishi wa umma kutumia fedha zisizoidhinishwa na Kongresi, yaani bunge lao. Kwa muda mrefu waliichukulia kwa wepesi, bajeti ikichelewa kazi ziliendelea. Mwaka 1980 mwanasheria mkuu wao, Benjamin Civiletti, akaifasiri kwa ukali: pasipo idhini, ofisi isiyohusu uhai wa watu na ulinzi wa mali ifunge. Kwa hiyo kufungwa huko unakokusikia kumetokana na tafsiri ya sheria. Hakuna kanuni ya uchumi inayosema lazima iwe vile.

Walioathirika walikuwa watu wa kawaida. Waongoza ndege walikuwa kazini bila mshahara, baadhi wakaanza kukosekana, na mwezi wa Novemba ikaamriwa safari za ndege zipunguzwe katika viwanja 40 vikubwa. Msaada wa chakula kwa familia maskini ukayumba. Tarehe 12 Novemba ndipo wakafungua.

Hesabu nzuri ya hasara tunayo kutokana na kufungwa kwa awali, siku 35 kati ya Disemba 2018 na Januari 2019, kulikogusa watumishi wapatao 800,000. Ofisi ya Bajeti ya Kongresi ilikadiria kuwa dola bilioni 11 za uzalishaji zilipotea, na kati ya hizo bilioni 3 hazitorudi kabisa. Nyengine zilirudi kwa sababu watumishi walilipwa malimbikizo yao wakaenda kununua walichokuwa wamekiahirisha. Kwako ni hivi: mtu aliyeshindwa kununua mifuko kumi mwezi huu atainunua mwezi ujao, pesa yako imechelewa tu. Lakini fundi aliyekaa bure siku 35, siku zake zimekwenda. Hawezi mwezi ujao kufanya kazi siku 65. Na mgahawa uliokosa wateja wa mchana hauwezi kuwalisha mara mbili siku ya pili.

Kuna kisa chao chengine nakiona kina mafunzo zaidi, ingawa hakikupigiwa kelele sana huku kwetu. Mwaka 2011 hakuna ofisi iliyofungwa. Walivutana juu ya kuongeza ukomo wa deni la taifa, wakakubaliana tarehe 2 Agosti, siku ambayo Hazina yao ilikuwa imetangaza kuwa ndiyo ya mwisho. Hakuna mkopeshaji aliyekosa haki yake. Hata hivyo, siku tatu baadaye kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la ukopaji, na wakaguzi wa serikali yao wakaja kukadiria kwamba ile hofu peke yake iliongeza gharama za kukopa kwa dola bilioni 1.3 ndani ya mwaka ule wa fedha. Fikiria: walilipa kwa jambo ambalo halikutokea. Waliokopesha walikuwa wametiwa wasiwasi, na wasiwasi una bei.

Na tazama lilivyokwenda suala la AGOA, mpango unaoruhusu bidhaa za nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, kuingia soko la Marekani bila ushuru. Muda wake ulimalizika tarehe 30 Septemba 2025 Kongresi ikiwa haijauhuisha. Kesho yake serikali yenyewe ikafungwa. Mwenye kiwanda cha nguo Afrika Mashariki hakuambiwa "hapana." Hakuambiwa kitu. Na mfanyabiashara anaweza kujipanga kwa "hapana" kuliko kwa kimya.

Si kila mkwamo unaua uchumi lakini. Ubelgiji ilikaa siku 541, kuanzia uchaguzi wa Juni 2010 hadi Disemba 2011, vyama havijakubaliana kuunda serikali. Skuli zilifunguliwa, treni zilikwenda, pensheni zililipwa. Serikali iliyomaliza muda wake iliendelea kushika usukani, na sheria yao inaruhusu bajeti mpya ikikosekana kutumia kila mwezi sehemu moja ya kumi na mbili ya bajeti iliyopita. Serikali za majimbo nazo zilikuwa na fedha na madaraka yake. Kilichowaamsha ni wakopeshaji. Mwishoni mwa Novemba 2011 daraja lao la ukopaji likashushwa, riba ikapanda, na ndani ya siku chache wanasiasa waliobishana mwaka na nusu wakapatana.

Hapo nakujibu swali lako la pili. Baraza letu likikataa bajeti, wizara hazitafungwa makufuli kama Washington. Kwetu chama cha Rais ndicho kimekuwa na wingi Barazani, na mawaziri ni wajumbe wa Baraza hilo hilo. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kama ilivyo ile ya Muungano ya 1977 katika ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Baraza likikataa bajeti ya Serikali. Maana yake mwakilishi anayesema "hapana" siku ya bajeti anaweza kurudi nyumbani kuomba kura upya kabla hajamaliza mkopo wa gari. Katiba ya Muungano tena, ibara ya 139, imeweka njia ya Serikali kutumia fedha kwa hadi miezi minne sheria ya matumizi ikiwa haijaanza kazi. Kwa mpango huo bajeti haikataliki kirahisi, na kusema kweli mimi sijawahi kulala na hofu ya bajeti kukataliwa Chukwani.

Hofu yangu iko kwengine. Mkwamo wa Zanzibar haukuwahi kuwa wa kura kulingana ukumbini. Umekuwa wa viti vitupu. Na viti vikiwa vitupu, bajeti hupita kwa wakati, tena kwa haraka.

Rudi kwenye miaka ya tisini uliyoitaja. Uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Viti vya kuchaguliwa vya Baraza viligawika 26 kwa 24. CUF wakayakataa matokeo ya urais na wawakilishi wao wakasusia vikao. Viti vyote 21 vya Pemba vilikuwa vya CUF. Kwa hiyo vikao vilivyosusiwa vilikuwa vikao ambavyo kisiwa kizima hakikuwa na mtu wake wa kuchaguliwa ndani ya ukumbi. Kifungu cha barabara ya Pemba kikisomwa, hapana wa kuuliza mbona kimepunguzwa. Cha hospitali kikisomwa, hapana wa kusema dawa za mwaka jana hazikufika. Bajeti ilipita. Kwa mtazamo wa kanuni za Baraza, hapakuwa na mkwamo wowote.

Na hapo nchi wahisani zikasitisha misaada yao kwa Zanzibar. Usidhani hilo ni jambo la mbali. Mimi ni mtoto wa fundi muashi wa Wete, na nililiona kwa macho. Baba alikuwa akiondoka alfajiri na kikapu chake cha ukindu, ndani mna mwiko, pimamaji, uzi na timazi. Unajua desturi yetu ya ujenzi wa skuli: wananchi hujitolea mawe, mchanga na nguvu, hupandisha kuta mpaka linta, kisha Serikali na wafadhili humalizia kwa kuezeka, milango na madawati. Katika kijiji cha jirani wananchi walishapandisha. Baba ndiye aliyesimamia kuta zile. Paa lilikuwa la mradi wa wafadhili, na mradi ukasimama. Mvua ya masika ikapiga, ya vuli ikapiga, mwaka wa pili ukaingia. Nilipopita pale nikiwa na umri wa miaka kumi na mbili, mpapai ulikuwa umeota ndani ya darasa, umevuka urefu wa kuta na tayari umezaa. Watoto wanasoma chini ya mwembe nje, mpapai unasoma ndani. Baba alikuwa akirudi saa nne asubuhi na kikapu kile kile, anakitundika ukutani bila kusema. Mwenye duka aliyemkopesha unga na mafuta ya taa naye alikuwa na daftari. Sikumbuki kama deni lile lilimalizwa kulipwa.

Lazima nikwambie na upande wa pili wa hesabu, maana si haki kuwatwika wanasiasa kila mzigo. Ugumu wa miaka ile ulikuwa na baba wawili. Indonesia, iliyokuwa mteja wetu mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zao, ilishapanda mikarafuu yake na kujitosheleza, na bei ya dunia ikaanguka tangu miaka ya themanini. Hata kama wawakilishi wote wangekaa vitini mwao wakitabasamu, karafuu isingepanda bei kwa ajili hiyo. Lakini ndiyo wakati ambao nchi inahitaji mno watu wa kukaa pamoja na kupanga: tuweke nini badala ya karafuu, mkopo tuombe wapi, Pemba ipewe nini. Pigo la bei lilitukuta hatusemezani.

Muafaka wa kwanza baina ya CCM na CUF ulitiwa saini Juni 1999, chini ya usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, na haukudumu. Uchaguzi wa 2000 uliharibika, wapinzani wakakataa tena kuutambua, na tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, wengi wao hapa Pemba. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Siwezi kuandika habari ya fedha za siku zile nikalipita hilo. Muafaka wa pili ulikuja Oktoba mwaka huo. Tukaendelea kuyumba mpaka Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu, na Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanaitaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Baraza likabadilisha Katiba.

Sasa nikuoneshe namna siasa na umeme zilivyoshikana, maana mfano huu unajieleza wenyewe. Unguja ilikuwa ikitegemea waya mmoja wa chini ya bahari wa tangu 1980. Mwaka 2008 umeme ulikatika karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ni miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mahoteli yaliendeshwa kwa majenereta, wenye mabucha walitupa nyama, wanawake walirudi kuchota maji visimani kwa kuwa pampu zimesimama. Suluhisho lilikuwa waya wa pili wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliokamilika 2013, na fedha zake zilitoka katika mkataba wa kwanza wa shirika la Marekani la MCC na Tanzania, wenye thamani ya dola milioni 698. Mkataba huo huo ulijenga baadhi ya barabara za vijijini hapa Pemba. (Sisi Wapemba tulishapata waya wetu kutoka Tanga mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, tukapumzika na majenereta ya Wesha.)

Mkataba wa pili ulikuwa tayari, kiasi cha dola milioni 472, na kazi yake ilikuwa umeme tena. Oktoba 2015 tukapiga kura. Tarehe 28 mwezi huo, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi. Marudio yakawekwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakasusia, Dkt. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na CCM ikachukua viti vyote vya kuchaguliwa vya Baraza. Siku nane baada ya marudio, bodi ya MCC ikapiga kura kusitisha ushirikiano na Tanzania, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na namna sheria ya makosa ya mtandao ilivyokuwa ikitumika. Dola milioni 472 zikaondoka mezani.

Mtu anaweza kuniambia kwamba kutegemea fedha za wageni ndiko kosa lenyewe. Ana hoja, na mimi pia natamani siku ambayo waya wetu tutaulipia wenyewe. Lakini kwa mwaka ule zile ndizo fedha zilizokuwepo, na mkandarasi wa nguzo, dereva wa lori, mama wa chakula pale kambini, wote walikuwa wameshaanza kuzihesabu.

Na Baraza la 2016 lilikuwa halina mvutano kabisa. Miswada ilipita, mawaziri walijibiwa kwa makofi. Wapo walioona hiyo ndiyo neema, sasa tutafanya kazi. Mimi nasema ule ulikuwa mkwamo uliobadilisha makazi. Ulitoka ukumbini ukahamia majumbani, watu wakasusiana hadi maziko na maduka. Wewe ulikuwepo Pemba mwaka 2016, unajua mwenyewe nani aliacha kununua kwa nani. Hakuna waziri wa fedha anayeweza kuipangia bajeti nchi ambayo mteja anapita duka la jirani akaenda la mbali kwa sababu ya rangi ya bendera.

Mfano wa mwisho ni wa kimya zaidi kuliko yote, nao unatuhusu sisi wa Pemba moja kwa moja. Mafuta na gesi asilia viliingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968. Zanzibar ikawa hairidhiki: vikichimbwa baharini kwetu, mapato yagawanywe vipi? Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilitoa azimio kwamba viondolewe katika Muungano, na katika hilo CCM na CUF walisimama pamoja. Huko nyuma, tangu 2002, kampuni ya Shell ilikuwa imepewa vitalu namba 9, 10, 11 na 12 katika bahari ya visiwa hivi. Haikuchimba. Mwenye mtaji mkubwa kama huo hawezi kushusha mtambo pahala ambapo serikali mbili hazijakubaliana nani anatoa leseni na nani anapokea mrabaha. Ufumbuzi wa kisheria ulipatikana 2015 katika Sheria ya Petroli ya Muungano, na Zanzibar ikatunga yake 2016. Mkataba wa kwanza wa kugawana uzalishaji, wa kitalu cha Pemba na Zanzibar, ulisainiwa 2018 na kampuni ya RAK Gas. Katikati hapo bei ya mafuta duniani ilikuwa juu ya dola 100 kwa pipa kwa miaka kadhaa, hata nusu ya kwanza ya 2014, na Januari 2016 ikashuka chini ya 30. Siwezi kukuahidi kwamba yangepatikana mafuta. Ninachokijua ni kwamba miaka ambayo dunia ilikuwa na hamu ya kuyatafuta, sisi tulikuwa bado kwenye barua za serikali mbili.

Wakenya wamepitia jambo la namna hii karibuni, kwa njia yao. Katiba yao, kifungu cha 217, inaitaka Seneti kuamua kanuni ya kugawa mapato baina ya kaunti. Mwaka 2020 maseneta walikutana takribani mara kumi bila kuafikiana, kaunti zenye watu wengi zikitaka zaidi, za Pwani na Kaskazini zikikataa kupunguziwa. Mwaka wa fedha ulikuwa umeshaanza. Magavana wakasema hawana tena fedha za kuendeshea hospitali. Mpaka Septemba Rais Uhuru Kenyatta alipoahidi kuwa kaunti zote kwa jumla zitaongezewa shilingi bilioni 50, asipunguziwe mtu, ndipo wakakubaliana. Jamaa zetu wa Shimoni na Vanga, walio kaunti ya Kwale, ndio waliokuwa wakisubiri upande ule. Wao angalau walikuwa na watu wao ndani ya ukumbi wakibishana kwa niaba yao, na ubishi ule ndio uliowalinda wasipunguziwe.

Kwa hiyo ukisikia redioni wawakilishi wanapigiana kelele juu ya kifungu cha bajeti, usishituke ukafunga duka. Kelele za ukumbini ni kazi yao. Zikienda vizuri, ndizo zinazozuia fedha za kituo cha afya cha kwenu zisipotelee njiani. Shituka ukisikia chama kimetangaza kutoingia, au kimeingia bila kuwatambua wenziwe. Hapo ndipo wenye fedha wanapoanza kusubiri, na wewe hutoambiwa na mtu. Utaliona kwenye mauzo.

Kwa biashara yako, nitakwambia ninachowaambia ndugu zangu wa damu. Uchaguzi wetu ni kila Oktoba ya mwaka wa tano: 2010, 2015, 2020, 2025. Kuanzia Mei ya mwaka kama huo usiongeze deni la mkandarasi wa kazi za Serikali, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu uaminifu wake hautoi fedha Hazina. Mwambie akuoneshe cheti cha malipo chenye saini ya mhandisi, na uangalie tarehe. Cheti cha Aprili au Mei kina hatari yake kila mwaka, si mwaka wa uchaguzi pekee: kisipolipwa kabla ya Juni 30 huvuka kwenda mwaka mpya wa fedha na kusubiri kifungu kipya. Cheti cha Septemba kina nafasi nzuri. Asiye na cheti, mkopeshe kiasi ambacho ukikikosa hutofunga duka.

Na mteja wa nyumba ya kuishi, yule anayejenga chumba kimoja kimoja kwa fedha za karafuu au za mtoto aliyeko Oman, huyo mshike vizuri. Malipo yake hayapitii Chukwani. Mwaka ambao wakubwa hawasemezani, wengi wa namna hiyo nao huacha mabati dukani wakisema "tuone kwanza," lakini akirudi, anarudi na pesa mkononi. Mwekee bei yake ile ile aliyoiulizia, uandike jina lake ukurasa wa mwisho wa daftari, mbali na wakandarasi.